Kichwa au Ngao

Baba akirudi kutoka Kapsabet au Voi
tulilijua sanduku kabla ya kumjua yeye:
bati la buluu, kona zimebonyea,
PROFESA NDIVYOSIVYO kwa rangi ya maziwa,
herufi za mwisho zimebanana ukingoni
maana mchoraji wa River Road hakupima kwanza.
Nyumbani aliitwa Musembi tu.
Makongeni, chumba kimoja,
vikombe vikigongana kabatini treni ya mizigo ikipita.

Ndani ya sanduku: leso nane zilizofungamana kama ukoo,
kofia yenye sakafu mbili,
msumeno usio na meno,
na tundu la njiwa aliyeitwa Karani.
Karani tulimla Krismasi ya ule mwaka wa ukame.
Baba hakugusa mchuzi. Alikaa mlangoni
akikunja kiganja, akikunjua, akikunja.

Jumamosi, ukumbi wa Kaloleni,
koti jeusi linanuka dawa ya nondo,
na sauti ambayo nyumbani hatukuwahi kuisikia:

    Fumbueni macho yenu, nami nafumba mkono,
    shilingi ilo ya kwenu imelala kama pono,
    si yangu wala si yenu, ni ya vidole vitano,
    muonacho sicho hicho, kisoonwa ndicho neno.

Halafu mama.
Watu walipiga mayowe msumeno ulipopita kiunoni mwake,
wakapiga makofi alipoinuka mzima.
Magoti yake hayakupigiwa makofi na mtu,
yale aliyoyakunja hadi kidevuni, gizani, ndani ya kasha,
akingoja baba amalize maneno yake mengi.
Usiku nilimchua kwa mafuta ya mkaratusi.
"Polepole," aliniambia,
"nusu ya chini bado haijafika."

Mwaka niliofaulu mtihani, Amu Kilonzo
alikunywa chai yetu yote, kisha akasema
ng'ombe waliobaki ni wawili,
nao si wa kumnunulia msichana kalamu.
Baba hakubishana. Hakujua kubishana bila jukwaa.
"Tuiulize shilingi. Kichwa, Syombua aende. Ngao, abaki."
Ikaruka hadi karibu na balbu.
Kichwa.
Amu akataka irushwe tena. Kichwa.
Ya tatu, akavaa kofia yake akaondoka.

Miaka miwili baadaye, mdogo wangu Mumo,
aliyelala na leso chini ya mto,
akaomba achukuliwe safari ya Kitui.
Baba alichelewa kujibu.
"Kichwa, twende. Ngao, ubaki na mama."
Nakumbuka alipapasa mfuko wa pili.

Hospitalini walinipa bahasha ya kaki:
miwani, kitambulisho, shilingi mbili.
Moja kichwa. Nikaigeuza: kichwa.
Nyingine ngao. Nikaigeuza.
Mshono wake mwembamba kuliko unywele.
"Fundi wa karakana ya reli alizipasua," mama alisema,
"kwa msumeno wenye meno. Mimi nilishika taa."
Nikamuuliza, na Mumo je?
Akayasugua magoti.
"Mtu mmoja kashani alitosha."

Mumo huuza viatu Gikomba.
Hukutanisha cha kushoto na cha kulia bila kutazama;
noti yako imeingia wapi hujui,
chenji imekwisha kutoka sikioni mwa mtoto wako.
Hakufundishwa na mtu.
Nilimpelekea ile ya vichwa viwili.
Akaigeuza, akacheka hadi jirani wa kibanda akauliza kuna nini,
akaniita mwizi mwenye cheti.
Kisha, taratibu: "Na ya pili?"

"Ipi?" nilisema,
nikamfungulia kiganja kitupu.

Hakukitazama.
Aliutazama mkono wangu mwingine.